Reli ya Nanyuki na Mzigo wa Mkulima

Njia ya reli itokayo Nairobi kwenda Nanyuki ni ya zamani. Ilifika Thika mwaka 1913, na Nanyuki mwaka 1930. Kwa miaka mingi gari la moshi lilichukua mazao likipita Murang'a, Sagana, Karatina na Naro Moru. Kisha njia ikafa.

Reli haifi kwa siku moja. Malori yalipozidi barabarani, mizigo ilipungua stesheni. Mizigo ikipungua, fedha za kutengeneza njia hupungua. Njia isiyotengenezwa huharibika, gari huenda polepole, na mwenye mzigo hukimbilia lori. Mwishowe majani huota katikati ya vyuma.

Mwaka 2020 Shirika la Reli la Kenya, likisaidiwa na Jeshi na vijana wa Huduma ya Taifa, liliifufua njia hii. Vichaka vilifyekwa na sehemu mbovu zikatengenezwa. Kabla ya mwaka kwisha, gari la abiria lilifika tena Nanyuki.

Yafaa mkulima ajue kazi ya kokoto zilizo chini ya reli. Hushika mataruma yasisogee, na hupitisha maji ya mvua. Mtaro ukizibwa, maji hutuama, udongo hulainika, njia hutitia, na gari laweza kuanguka. Kwa hiyo usilime kando ya reli, wala usitupe takataka mtaroni.

Sasa tazama faida. Behewa likichukua tani 40, hayo ni magunia 800 ya kilo 50. Mkulima mdogo hawezi kulijaza peke yake, lakini wanachama 80 wakileta magunia kumi kila mmoja, limejaa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini pigeni hesabu kwanza chamani. Ongezeni gharama ya kufikisha mzigo stesheni, kuupakia na kuupakua, kisha mlinganishe na bei ya lori. Reli hufaa mzigo mzito, mwingi, usioharibika upesi, kama nafaka, mbolea na saruji. Maziwa na mboga za majani hazingoji behewa lijae.

Basi, wenye mizigo ya namna hiyo na wafike kwa mkuu wa stesheni waulize nauli kabla ya mavuno. Njia iliyokufa kwa kukosa mizigo haitaishi ila kwa kupata mizigo.