Bastola za kuwindia: Kuboresha kunapopandisha bei na kunapoishusha

MWAKA 1971 kampuni ya Auto Mag ya Pasadena, California, iliingiza katika soko la Marekani bastola ya chuma cha pua inayojipakia risasi yenyewe, iliyokusudiwa wawindaji wa wanyama wakubwa. Bei ya rejareja ilipangwa kuwa dola 217.50. Tatizo lilikuwa moja: kuitengeneza kuligharimu zaidi ya bei hiyo. Kila bastola iliyouzwa ikawa inaongeza hasara, na mwaka 1972 kampuni ikafilisika.

Bidhaa yenyewe haikufa na mwenye kiwanda. Bastola zenye chapa ya Pasadena hazifiki 3,000. Wamiliki waliofuata waliendelea kutengeneza kidogo kidogo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na jumla yote inakadiriwa kuwa karibu 9,000. Filamu ya Clint Eastwood ya mwaka 1983, Sudden Impact, iliitangaza bure. Leo bastola hiyo iliyomfilisi muundaji wake huuzwa minadani kwa maelfu ya dola.

Hapo ndipo linapozuka suala la mmiliki: aipeleke porini, aipeleke kwa fundi, au aifungie kabatini?

Kuitumia si rahisi. Risasi yake, .44 AMP, mwanzoni haikuwapo madukani. Mwindaji alilazimika kukata maganda ya risasi za bunduki, .308 Winchester au .30-06, kisha kuyajaza mwenyewe. Chuma cha pua nacho kina tabia yake: vipande viwili vikisuguana vikavu hukwaruzana na kung'ang'aniana, hivyo bastola isiyopakwa mafuta ya kutosha hukwama. Kwa silaha ya kuwindia hiyo ni kasoro kubwa, maana mnyama hasubiri.

Kasoro hizo ndizo zilizowapa mafundi kazi. Anayejulikana zaidi ni Lee Jurras wa Indiana, mtu wa biashara ya risasi, ambaye katika miaka ya 1970 alichukua bastola hizo, akazirekebisha, akazifunga mitutu mirefu na darubini, na kuzipiga herufi zake, LEJ. Wakusanyaji huzilipia zaidi ya zile za kawaida. Bastola iliyofanyiwa kazi kama hiyo na fundi wa mtaani asiyejulikana, hata kama inalenga vizuri zaidi, hushuka bei. Mnunuzi wa aina hii halipii shabaha. Analipia historia inayoweza kuthibitishwa, na tundu la skrubu ya darubini likishatobolewa halizibiki.

Katika bastola za bei nafuu hesabu ni tofauti. Sturm, Ruger ilianza mwaka 1949 kwa mtaji wa dola 50,000, ikiuza bastola ya .22 kwa dola 37.50, bei iliyoacha faida. Kampuni hiyo iliingia katika Soko la Hisa la New York mwaka 1990. Bastola zake za mfululizo wa Mark hupendwa na wawindaji wa sungura na kindi, na kwa kuwa ni nyingi mno, hakuna anayelia zikitobolewa. Triga nyepesi, mtutu mzito, mpini wa mbao: viwanda vidogo huishi kwa kuuza vifaa hivi tu, na si ajabu gharama ya vifaa ikazidi bei ya bastola. Fedha hiyo aghalabu hairudi wakati wa kuuza, na mwenye busara huitia katika hesabu ya starehe.

Hata huko kuna mtego. Alexander Sturm, aliyetoa mtaji, alifariki mwaka 1951, na nembo ya tai kwenye mpini ikabadilishwa kutoka nyekundu kuwa nyeusi. Bastola kuukuu yenye tai mwekundu ina thamani ya pekee, na aliyeutupa mpini wake ili afunge mzuri zaidi ametupa sehemu ya bei.

Gharama za sheria nazo zipo. Nchini Marekani anayenunua bastola kwa muuzaji mwenye leseni lazima awe na miaka 21 na ajaze Fomu 4473. Mtengenezaji hulipa ushuru wa asilimia 10 kwa kila bastola mpya, fedha zinazokwenda kuhifadhi wanyamapori. Bastola iliyokwishatumika haitozwi tena. Aina ya silaha na risasi zinazokubaliwa kwa kila mnyama hupangwa na kila jimbo, na kuna bastola halali kabisa kumiliki ambayo hairuhusiwi kumpiga swala wa huko.

Kwa anayenunua ili auze baadaye, jambo la kwanza ni kuuliza vipande vya awali viko wapi. Muuzaji aliyebadilisha triga na mpini lakini akahifadhi vya kiwandani ndani ya sanduku lake anastahili bei nzuri. Aliyevitupa apunguziwe.