Nyota 17 na shingo ya mtoto

Wako wazazi wa mtaa wetu wa Golf, huku Katanga, wanaoijua hali hii. Mtoto ameanza Haldol, dawa ya akili. Siku hiyo au siku mbili tatu baadaye, shingo inajipinda upande mmoja na kubaki hivyo. Macho yanapanda juu, hayashuki. Taya linakaza, ulimi unatoka, anataka kuita mama na sauti inakwama. Akili yake iko timamu: anasikia kila neno, na anaogopa. Mtu nyumbani atasema ni pepo, na usiku huohuo safari ya chumba cha maombi inaanza. Kumbe ni dawa. Dawa nyingine, Artane, au sindano ya aina yake, hulegeza misuli hiyo.

Kwa nini huyu apindike, na mwenzake wa dozi ileile asipindike? Umri una sehemu yake, dozi pia. Na liko ini. Humo kimeng'enya kiitwacho CYP2D6 husaidia kuvunja Haldol, na huvunja sehemu kubwa ya risperidoni, dawa nyingine ya akili. Mwaka 1996 Collen Masimirembwa wa Zimbabwe na wenzake wa Sweden walieleza aina ya jeni inayokifanya kizembee, dawa ikakawia mwilini: *17, yaani nyota 17. Kwetu Waafrika imeenea. Kwa Wazungu ni adimu.

Masimirembwa, aliyeanzisha taasisi ya utafiti ya AiBST huko Harare, ameshikilia hoja moja: dozi iliyopimwa kwa miili ya Ulaya isichukuliwe kuwa ndiyo yetu. Alionyesha vivyo hivyo kwa efavirenzi, dawa ya virusi vya UKIMWI, ambayo kwa wenye jeni fulani hurundikana mwilini na kuvuruga akili. Ushauri wake ulikuwa kuwapunguzia dozi.

Leo mate ya mtoto yanaweza kupimwa jeni, na mzazi aliyechoka kubahatisha dawa ana haki ya kutumaini. Linaloniuma ni hili: maabara isiyoitafuta nyota 17 humhesabu mwenye nayo kuwa mzima. Mwaka 2020 chama cha madaktari wa akili za watoto wa Marekani kiliwashauri wanachama wasichague dawa kwa vipimo hivi, kwa kuwa ushahidi haujatosha. Je, ushahidi wa watoto wa Katanga ataukusanya nani, na kwa fedha ya nani?

Mama, papa: kabla ya kulipa, uliza kama kipimo kinatafuta *17 na *29, aina nyingine kama hiyo. Na shingo ikipinda, mpeleke mtoto hospitali usiku huohuo, na boksi la dawa mkononi.