Nilifuta Nyimbo 6,200 kwa Usiku Mmoja

Kila korido ya hosteli ina mtu mmoja mwenye nyimbo. Kwetu ni mimi. Wengi wenu mnasikiliza kwa bando, bando likikata au bumu likichelewa mnagonga mlango wangu na flashi mkononi: "Kaka, niwekee zilipendwa kidogo, wikiendi naenda nyumbani kwa mzee." Naweka. Mkitaka kujua kwa nini siku hizi nawauliza maswali mengi kabla sijaweka, na kwa nini nimekuwa mkali mtu akigusa ile diski nyeusi, someni haya.

Nyimbo zenyewe si zangu. Mjomba wangu alikuwa na kibanda Morogoro, karibu na stendi. Alianza kwa kurekodi watu kanda, zikaja CD akawa anachoma, akaishia kuingiza nyimbo kwenye memori kadi za simu. Simu zenye intaneti zilipoua biashara alifunga kibanda, na mwaka wangu wa kwanza chuoni alinikabidhi hadi diski yake. Faili 31,000, GB 146. Ukikadiria dakika tano kwa wimbo, ni siku 107 za kusikiliza usiku na mchana bila kulala. Na kila kitu kilikuwa vululuvululu: folda ndani ya folda, mamia ya faili zinazoitwa "Track 01", wimbo mmoja umeandikwa kwa namna nne, nyingine zimebandikwa jina la DJ aliyezichanganya badala ya aliyeimba.

Basi nikafanya kile ambacho mtu yeyote mvivu mwenye laptopu angefanya. Nikashusha programu ya bure ya kutafuta nyimbo zilizojirudia. Nikaiambia: faili mbili zikifanana majina, na urefu wake usipopishana zaidi ya sekunde kumi, bakiza ile kubwa, futa ndogo. Ilikuwa saa nne usiku. Saa tisa alfajiri ilikuwa imefuta 6,200. Nikajisikia fundi kwelikweli. Wiki mbili zilizofuata nikaendelea kujaza vitu vingine kwenye diski ileile, muvi, desa za semesta nzima, si nafasi imepatikana.

Ndipo Mjomba akapiga simu. Baada ya shikamoo na habari za masomo akasema, "Mjomba, nitumie ule wa Morogoro Jazz wenye babu yako."

Sikumwelewa. Akanieleza. Alipokuwa kijana, redio ya babu haikuwa na sehemu ya kanda, kwa hiyo aliazima redio kaseti ya jirani, akaiweka mbele ya redio ya babu, akabonyeza kurekodi. Kinasa sauti kikachukua wimbo pamoja na kila kilichokuwa sebuleni. Katikati ya gitaa anasikika babu akisema, "Zimeni hiyo, betri zinaisha." Miaka mingi baadaye Mjomba aliihamishia ile kanda kwenye kompyuta ya kibandani. Mimi babu sikumkuta. Ana picha moja tu, ya kitambulisho. Sauti yake ilikuwa pale tu.

Nikatafuta. Kulikuwa na wimbo wa jina lilelile, safi, hauna babu. Programu ilikuwa imefanya nilichoiambia: majina sawa, urefu karibu sawa, kubwa ibaki. Ya babu ilikuwa ndogo. Kanda yenyewe ilishaliwa na fangasi zamani.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi tunapokosea. Jina la faili unaloliona kwenye skrini halimo ndani ya wimbo. Limeandikwa kwenye orodha ya diski, kama namba ya chumba ilivyoandikwa mlangoni na si kwenye paji la uso wa mpangaji. Ila faili ya MP3 ina mahali pake pa ndani pa kuandika jina, msanii, albamu na mwaka. Hizo ndizo tagi, na mfumo wake unaitwa ID3. Simu yako ikikuonyesha jina la msanii wakati wimbo unapiga, inasoma hapo.

Nilijua tofauti hiyo kwa uchungu. Rafiki yangu wa kompyuta sayansi alinionyesha PhotoRec, programu ya bure inayochungulia diski kipande kwa kipande ikitafuta mabaki ya faili zilizofutwa. Unapofuta kitu, data yake haiondoki palepale; diski inaweka tu alama kwamba nafasi ile ni huru, na data inapotea pale kitu kipya kinapoandikwa juu yake. Zile muvi zangu, yaani. (Kama umefuta kitu leo, iache hiyo diski. Usiandike hata herufi moja juu yake.) Ilizunguka usiku kucha ikarudisha faili 4,870. Lakini PhotoRec hairudishi majina. Zote zilikuja na herufi f na namba ndefu.

Zile zenye tagi zilipona kirahisi. Mp3tag ina kitufe cha kuchukua kilichoandikwa ndani ya wimbo na kukifanya jina la faili, na 3,900 zilirudi na majina yake kwa dakika chache. Zilizobaki 970 zilikuwa tupu ndani, maana Mjomba alikuwa anaandika jina nje tu. Ya babu, kama imerudi, imo humo. Kama haimo, basi imekaliwa na muvi.

Kwa hiyo mpangilio ninaoufuata sasa ni huu, na mfuatano wake una sababu. Kabla ya yote, nakala nzima kwenye diski nyingine. Sikufanya hivyo mwanzo kwa sababu laptopu yangu haikuwa na nafasi na diski ya pili ni hela. Niliishia kuinunua hivyohivyo, baada ya hasara. Moja inakaa kwangu, nyingine iko Morogoro kwa Mjomba, ili mwizi au moto wa upande mmoja usimalize zote.

Halafu ondoa zilizojirudia kweli. Kuna programu, dupeGuru ni mojawapo, zinazoweza kulinganisha faili kwa kilichomo ndani na si kwa jina. Zikikwambia hizi mbili ni sawa, zinafanana mpaka nukta ya mwisho, futa moja bila wasiwasi. Kazi hii ifanye kabla hujagusa tagi. Ukishabadilisha herufi moja kwenye tagi ya nakala moja, faili hizo mbili hazifanani tena na programu itazipita. Kwenye diski ya Mjomba, zilizofanana kweli zilikuwa kama 1,100. Zile nyingine zote nilizofuta zilikuwa rekodi tofauti: ya redio na ya santuri, ya studio na ya ukumbini, ya bendi hii na ya mwanamuziki yuleyule alipohamia bendi ile.

Na kanuni yangu ya "kubwa ibaki" ilikuwa ujinga mtupu. Ukubwa wa MP3 unatokana na kiwango cha data kwa sekunde; kiwango cha 128 ni karibu MB 1 kwa dakika, cha 320 ni MB 2.4. Ila mtu akichukua wimbo wa 128 akaubadilisha kuwa 320, faili inanenepa na sauti haiongezeki chochote, kwa sababu kilichokatwa mwanzo hakirudi. Kuna programu inaitwa Spek inayochora sauti kama picha: MP3 ya 128 kwa kawaida inakatika karibu na kilohezi 16, na yenye 320 ya kweli inapanda mpaka karibu 20. Nilizifungua "kubwa" kadhaa nilizozibakiza. Zimekatika 16. Yaani nilikuwa nimetunza nakala ya nakala na kutupa mama yake.

Baada ya hapo ndipo tagi, na hapa kwa muziki wetu lazima utumie kichwa chako mwenyewe. MusicBrainz Picard inaweza kuusikiliza wimbo, kuutengenezea kitu kama alama ya kidole, na kuulinganisha na hifadhi yake ya mtandaoni. Nyimbo za Marekani inazitambua kwa sekunde. Kwa kanda za Mjomba ikakaa kimya, kwa sababu haiwezi kutambua kile ambacho hakuna aliyewahi kukiweka kule, na kanda ikizunguka kwa kasi tofauti kidogo, alama nayo inabadilika.

Mfumo wenyewe haukuwekwa kwa ajili yetu. Toleo la kwanza la ID3, la mwaka 1996, lilitoa nafasi ya herufi 30 tu kwa msanii. Andika "Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz Band" uone: inakatika baada ya Morogoro, Jazz Band inabaki nje. Orodha yake ya aina za muziki ilikuwa na aina 80, polka imo, taarab haimo. Matoleo ya baadaye yameondoa ufinyu huo, ila faili nyingi za vibandani zilipitia kwenye lile la zamani, ndiyo maana unaona majina yaliyokatwa mikia.

Halafu kuna suala la bendi, na mimi hapa ndipo nilipopenda kazi hii. Chukua Msondo Ngoma. Ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, kwa jina la chama cha wafanyakazi; chama kilipogeuka kuwa JUWATA nayo ikawa JUWATA Jazz, kilipokuja OTTU ikawa OTTU Jazz. Kwenye diski zilikuwa bendi nne. Uziunganishe? Ukiziunganisha unapoteza habari ya wimbo ulirekodiwa enzi zipi, ukiziacha simu inazitawanya. Mimi kwenye nafasi ya msanii naandika jina la wakati ule, na kwenye nafasi ya msanii wa albamu naandika Msondo Ngoma kwa zote, zikae pamoja. Mbaraka kinyume chake: mwaka 1973 aliiacha Morogoro Jazz akaunda Super Volcano, aliyoiongoza hadi kifo chake kwa ajali ya gari mwaka 1979. Mtu mmoja, bendi mbili, na Mjomba hataki kabisa uzichanganye. Kwenye nafasi ya maoni, ambayo wengi hawaigusi, naandika rekodi ilikotoka: kanda, redio, CD, nani alirekodi.

Zile 970 hazina njia ya mkato. Nakata sekunde 20 za kila moja, namtumia Mjomba kwa WhatsApp, yeye ananijibu kwa sauti: bendi gani, nani anaimba, nani kapuliza tarumbeta, na mara nyingi alikuwa wapi alipousikia mara ya kwanza. Naandika yote. Zimebaki 610 na babu bado hajatokea. Jana nilimtumia vipande kumi na viwili. Tisa alivitaja kabla sijamaliza chai, viwili hakuvijua. Kimoja alisema huo si wimbo, ni tangazo la sabuni, lakini nisilifute.