KUTETEA WALEMAVU SI KUTOA SADAKA

Wapo wadhanio kwamba kuwatetea walemavu ni kazi ya huruma tu: mtu hutoa sadaka mlangoni, kisha akaenda zake. Sisi twasema sivyo. Hiyo ni kazi ya siasa hasa, nayo yahitaji elimu, umoja na ustahimilivu. Maisha ya Bibi Judith Heumann wa Marekani yatosha kuwa ushahidi.

Bibi huyo alizaliwa mwaka 1947, akapatwa na polio angali mtoto mdogo, akawa mtu wa kiti cha magurudumu maisha yake yote. Alipofikia umri wa kusoma, mwalimu mkuu alimkataa, akisema kiti kile kingeleta hatari moto ukitokea. Mwaka 1970, akiisha kusomea ualimu, wakubwa wa elimu wa New York walimnyima cheti kwa hoja iyo hiyo. Aliwashtaki, akapata cheti, akafundisha.

Mwaka 1973 Marekani ilitunga sheria ambayo kifungu chake cha 504 kilikataza mlemavu kubaguliwa katika shughuli yo yote ipatayo fedha za serikali kuu. Lakini kanuni za kuitekeleza zilikaa zaidi ya miaka mitatu bila kutiwa sahihi. Basi tarehe 5 Aprili 1977 Bibi Heumann na wenziwe wapatao 150 waliingia katika jengo la serikali mjini San Francisco, wakakataa kutoka. Walilala sakafuni. Simu zilipokatwa, viziwi walisimama madirishani wakazungumza kwa ishara na wenzao waliokuwa nje.

Hawakushinda peke yao. Chama cha Black Panther kiliwaletea chakula cha moto kila siku. Wajumbe wao walipofika Washington, chama cha wafanya kazi wa mitambo kiliwatafutia lori la kuwachukua pamoja na viti vyao. Tarehe 28 Aprili Waziri Joseph Califano alitia sahihi.

Baadaye yule aliyenyimwa cheti alishika madaraka katika Wizara ya Elimu ya nchi ile ile, tangu 1993 hata 2001. Kisha alikuwa mshauri katika Benki ya Dunia na katika Wizara ya Mambo ya Nje. Alifariki mwaka 2023.

Ndugu wafanya kazi, sisi Tanzania nasi tunayo sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi aajiri walemavu wasiopungua asilimia 3. Je, kiwandani kwenu nani amehesabu? Swali hilo na liulizwe katika mkutano ujao wa tawi. Yafaa mlemavu mwenyewe aliulize, na wenziwe wote wasimame pamoja naye mpaka ajibiwe.