Mafiga Matatu ya Jamii

Figa moja haliinjiki chungu. Kila mama ajua maana ya methali hii: likiondoka figa moja, chakula humwagika na watoto hulala na njaa. Jamii nayo ni kama chungu. Yasimama juu ya mafiga matatu, yaani ardhi yenye rutuba na miti, haki kati ya watu, na amani.

Tutazame Kivu ya Kaskazini. Mwaka 1925 serikali ya Wabelgiji ilitenga pori la Virunga, makao ya ngagi wa milimani. Lakini mwezi wa Julai 1994, wakimbizi mamia ya maelfu walivuka mpaka kutoka Rwanda, wakapiga kambi karibu na Goma. Kila jamaa ilihitaji kuni, na msitu ukakatwa siku kwa siku. Mwaka huohuo UNESCO iliiandika Virunga katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Je, mama aliyekata mti ili maharage ya watoto yaive, alikuwa mwovu? Hasha! Figa la amani ndilo lililoanguka kwanza, likaangusha la ardhi.

Wakimbizi wengi walirudi kwao mwaka 1996, lakini biashara ya makala haikukoma, kwani mji wa Goma ulizidi kukua. Kukataza peke yake hakukutosha. Ndiyo sababu mwaka 2007 shirika la WWF lilianzisha mpango wa EcoMakala, ili wakulima wapande miti ikuayo upesi katika mashamba yao wenyewe, nayo ichomwe makala badala ya miti ya msitu.

Njia hii ni njema, walakini yauliza swali gumu. Asiye na shamba atapanda wapi? Naye afukuzwaye na vita mara kwa mara, atangojaje miaka mpaka mti wake ukue? Mtu hupanda pale anapotumaini kuvuna. Basi anayetaka kuulinda msitu, sharti awalinde pia majirani wa msitu.

Nasi, ndugu msomaji, tunayo kazi nyumbani. Mbabula ya udongo iliyofinyangwa vizuri hupunguza makala. Miti michache mpakani mwa shamba yatosha kuwa mwanzo. Na baba agawapo ardhi, asimsahau mjane wa nduguye, maana mjane asiye na shamba atakwenda msituni tu. Naye akienda, tusimlaumu yeye kwanza, bali tujiulize ni nani aliyemwondolea figa.