Nyuma ya gunia la mchele: Wanaofanya chama cha chakula kisimame

MSOMAJI wa mjini ajua fika kwamba umaskini una gharama zake. Mwenye pesa hununua gunia, asiye nazo hununua kibaba. Mwisho wa mwezi, hesabu zikipigwa, aliyenunua kwa kibaba ndiye aliyelipa zaidi kwa kila kilo.

Hali hiyo haiwi ngeni kwa wakazi wa Timbwani, mojawapo ya wadi tano za Likoni, ng'ambo ya kusini ya kisiwa cha Mombasa. Wengi hapo hutegemea kibarua: bandarini, kwenye ujenzi, kuuza samaki wa kukaanga au kufulia watu nguo. Pesa huingia kwa siku, na chakula nacho hununuliwa kwa siku. Mafuta ni ya kupima, sukari ni robo, unga ni nusu kilo. Siku ambayo kibarua kimekosekana, daftari la madeni la mwenye duka hufunguliwa.

Isitoshe, kuna maji. Kongowea, soko kubwa la jumla, liko bara ya kaskazini. Atokaye Timbwani huvuka kwa feri hadi kisiwani, kisha apite Daraja la Nyali. Feri haimtozi nauli atembeaye kwa miguu, lakini matatu, tuktuk na mkokoteni havibebi mzigo bure. Mtu mmoja akifuata kilo tano za mchele huko, nauli huila nafuu yote. Nauli iyo hiyo ikigawanywa kwa watu ishirini, haisikiki.

Hapo ndipo chama cha chakula kinapopata maana. Tuseme akina mama 20 wanatoa Sh200 kila wiki. Kwa wiki nne watakuwa na Sh16,000. Badala ya kumpa mmoja wao fedha zote, kama ilivyo desturi ya mchezo, wananunua mchele, sukari, maharagwe na mafuta kwa bei ya jumla, kisha wanagawana. Vyama vingine huweka akiba mwaka mzima na kugawana mara moja tu, Ramadhani inapokaribia au Krismasi.

Watu wanne muhimu

Ukitazama kwa nje utaona gunia tu. Lakini nyuma ya gunia hilo wapo watu, na wanne kati yao wakilegea, chama huvunjika.

Wa kwanza ni mweka hazina. Huyu ndiye anayebisha milango siku ya mchango, na ndiye anayesemwa vibaya senti ikipungua. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 kazi yake imepata nafuu, kwani kila mchango huacha alama kwenye simu. Hata hivyo, simu haiwezi kumwambia afanye nini jirani anapokuja akilia kwamba mtoto ni mgonjwa na wiki hii hana kitu. Akimsamehe kila mara, wengine watanung'unika. Akimfukuza, atakuwa amemwondoa yule aliyekihitaji chama zaidi ya wote. Vyama vyenye busara huliamua jambo hili mapema, kikaoni, kabla halijazuka.

Wa pili ni mnunuzi. Lazima awe mtu wa kuamka alfajiri na asiyeona haya kutia mkono ndani ya gunia hadi chini. Mahindi mabichi au yaliyoota ukungu huweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004 watu 125 walifariki nchini Kenya, wengi wao Ukambani, baada ya kula mahindi ya aina hiyo. Kwa hivyo, mnunuzi wa chama amebeba uhai wa nyumba ishirini.

Wa tatu ni mwenye chumba. Joto na unyevu wa Pwani ni adui wa nafaka, panya nao hawana likizo. Anayekubali gunia zilale kwake huziinua juu ya mbao, mbali na ukuta, na hukubali pia kushukiwa kikombe kimoja kikipungua.

Wa nne ni mwandishi. Mara nyingi huyu ni kijana aliyemaliza shule na bado anatafuta kazi. Wazazi wenye watoto wa sekondari wangefanya vyema kuwapa daftari hili walishike. Hesabu za darasani hueleweka haraka zinapohusu chakula cha jioni.

Wazo la tangu 1844

Jambo hili si geni duniani. Mnamo Desemba 21, 1844, mafundi 28, baadhi yao wafumaji wa nguo, walifungua duka lao huko Rochdale, Uingereza, kwa mtaji wa pauni 28. Walikuwa wamechoshwa na unga uliochanganywa na takataka na madeni yasiyokwisha. Wakaweka kanuni: vipimo vya haki, hakuna kukopesha, kila mwanachama kura moja, na faida igawanywe kulingana na manunuzi ya kila mmoja.

Nchini Kenya ushirika ulianza mwaka 1908 kule Lumbwa, kwa wafugaji walowezi wa kizungu. Waafrika walifunguliwa mlango na sheria ya 1945.

Jirani zetu wa Tanzania nao wana funzo. Mwaka 1976 serikali ilianzisha Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili ya ushirika yachukue nafasi. Bidhaa zikaadimika, na mpango ukalegezwa. Duka la ushirika halisimami kwa amri. Husimama kwa watu waliotoa chao kwa hiari na wanaoweza kuuliza kimekwenda wapi.

Ukitaka kuanza

Kwanza, wachagueni watu mnaojua wanakolala. Pili, anayeshika pesa asiwe ndiye anayenunua. Tatu, risiti isomwe mbele ya wote, na mizani iwe moja. Nne, anzeni na vitu viwili au vitatu visivyoharibika upesi. Tano, mkifika kumi au zaidi, jisajilini. Sheria ya vyama vya ushirika na ile ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022 zote zinataka watu wasiopungua kumi. Chama kisicho na cheti ni vigumu kufungua akaunti ya benki, na mgogoro ukizuka hakina pa kushika.

Hakuna chama kitakachozuia bei kupanda. Julai 2022, pakiti ya unga ya kilo mbili ilipopita Sh200, serikali iliishusha hadi Sh100, na baada ya wiki chache nafuu hiyo ikakoma. Familia isiyo na akiba ilirudi palepale. Wenye gunia la pamoja walau walikuwa na muda wa kupumua.

Wahenga hawakukosea waliposema haba na haba hujaza kibaba. Siku hizi, majirani wakiaminiana, hujaza hata gunia.