Tangi la samaki wa baharini: maji hupotea, chumvi hubaki

Samaki wengi wa rangi wanaofugwa majumbani Ulaya, Marekani na katika nchi za Ghuba huvuliwa kwenye miamba ya matumbawe. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazowasafirisha wakiwa hai kwa ndege. Walikotoka, kila kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na kiwango hicho hubadilika kidogo sana. Ndani ya tangi la kioo, kinaweza kubadilika kwa siku chache tu.

Sababu kubwa ni kwamba maji hugeuka mvuke, lakini chumvi haiondoki. Tangi la lita 200 likipoteza lita 10, chumvi ile ile hubaki katika lita 190, na kiwango hupanda kutoka gramu 35 hadi karibu 37 kwa lita. Mfugaji akijazia maji ya chumvi, ongezeko hilo hudumu, na hukua kila anaporudia. Maji yaliyopotea kwa mvuke hurudishwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi wala klorini.

Kubadilisha maji machafu ni jambo jingine. Kwanza, tangi hujazwa maji baridi hadi kwenye alama yake ya kawaida, kisha chumvi hupimwa. Ndipo huondolewa, kwa mfano, lita 20, na kurudishwa lita 20 za maji mapya yenye chumvi na joto sawa na yaliyomo. Chumvi huyeyushwa kwenye ndoo ya pembeni, huku pampu ikikoroga kwa saa kadhaa; haimwagwi kamwe juu ya samaki.

Kipimo cha kuelea husoma chini maji yakiwa ya moto kuliko joto kilichotengenezewa, hivyo maji yote mawili yapimwe yakiwa na joto moja, kwa kifaa kile kile.

Samaki wa baharini hunywa maji na kutoa chumvi ya ziada kupitia matamvua yake, hivyo huweza kustahimili mabadiliko kwa kiasi fulani. Kiti cha pweza hana uwezo huo: maji ya mwilini mwake hufuata chumvi ya maji yanayomzunguka, na badiliko la ghafla laweza kumwua.

Kwa wakazi wa Ghuba kuna tahadhari ya ziada. Maji ya Ghuba huwa na takriban gramu 40 za chumvi kwa kilo, kutokana na joto kali na uhaba wa mito. Ndoo iliyotekwa ufukweni Dubai si sawa na bahari ya Mombasa.

Chumvi ikikutwa imezidi, isishushwe kwa mkupuo mmoja. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na kipimo kuandikwa kila mara.